Mshipi wa Kilo Thelathini na Saba

Karakana ya mizani, nyuma ya soko
7 Machi

Kwa Msimamizi wa Kambi ya Uvuvi,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi. Sisi huku hatujambo.

Mimi ni fundi mizani. Mwezi Agosti natimiza miaka thelathini na minane nyuma ya meza hii, kisha namwachia mwingine. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, amenipa zawadi ya kustaafu: siku nne za kuvua samaki baharini, kwenye kambi yenu, kuanzia tarehe 14 Septemba. Nilikuwa natarajia saa ya mkononi.

Karatasi mliyomtumia ina picha nyingi na maelezo machache, kwa hiyo naomba nikuulize. Sijawahi kuvua. Bahari nimeiona mara moja, kwa dirisha la treni, nayo ilikuwa mbali kiasi kwamba abiria mwenzangu alibisha kuwa ni ukungu tu.

Maswali yangu ni sita. La kwanza, nije na viatu gani. La pili, mtu anayetapika ndani ya basi atakuwaje ndani ya boti. La tatu, samaki wa huko wana uzito gani, mnawapima kwa mizani ya aina gani, na mizani hiyo ilikaguliwa lini mara ya mwisho. La nne, mikono yangu imezoea bisibisi na skrubu ndogo. Nifanye mazoezi gani nisije nikawatia aibu. La tano, kuna vifaa vya kuja navyo, au vyote vipo. La sita, sijui kuogelea. Nani hukaa karibu na mgeni asiyejua kuogelea?

Nashukuru mapema kwa majibu.

Fundi mizani


Kambini, ghala la mafuta
1 Aprili

Kwako kaka,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Wifi hajambo? Na binti yetu, niliyemwacha hana meno ya mbele, ndiye huyo muuguzi?

Msimamizi wa kambi hajibu maswali ya uvuvi. Barua za namna hiyo huniletea mimi, kwa kuwa boti naiendesha mimi. Ya kwako nilianza kuisoma nimesimama. Nilipofika pale pa mizani kukaguliwa lini, nikakaa juu ya dramu. Hakuna mgeni mwingine anayeuliza hivyo. Ndipo nikatazama mwandiko. Bado unaikata saba kiunoni. Fundi mashine wangu aliniuliza nani amefariki.

Ni miaka ishirini tangu nitoke nyumbani na kumi na moja tangu ulipoandika mara ya mwisho. Naona hukujua kama niko hapa. Kama binti yetu alijua, muulize yeye.

Nafasi yako imeshaandikwa na mgeni hafukuzwi. Nitakujibu kama ninavyowajibu wengine.

Viatu viwe vya soli laini, nyepesi, isiyoteleza. Kutapika, utatapika. Usipande na tumbo tupu, na ukipanda tazama mbali, pale maji yanapoishia, usitazame miguu yako. Nguru wa huku ni kilo nane hadi kumi na tano, jodari hufika arobaini, nduaro akikubali kula ni mia na zaidi. Mizani yetu ni ya kuning'iniza na haijakaguliwa tangu nifike. Vifaa vyote vipo. Kwa samaki wakubwa tunatumia mshipi wa kilo thelathini na saba, kwa wadogo wa kilo kumi. Mazoezi: funga kamba kwenye ndoo ya maji, ipitishe juu ya boriti, uvute na kuishusha polepole mara hamsini kwa siku, kwa mkono wa kushoto.

Na kuliko yote shika hili: mshipi usijizungushie mkononi. Hata mzunguko mmoja.

La sita silijibu. Majaketi ya kujiokolea yapo.

Jambo la kifurushi sitaliandika, na wewe usiliandike.

Gari la mahitaji huja kila wiki mbili na ndilo linalobeba barua. Simu hushika juu ya kilima tu, na mimi kilimani siendi.

Nahodha


Karakana
19 Aprili

Kwako mdogo wangu Sindano,

Marahaba. Nimekuita hivyo kwa sababu sijui jina lingine la kukuita, na kwa sababu bado unachoma. Sisi wazima. Wifi yako magoti yanamsumbua, lakini anasema magoti mabovu ni ya wazee na yeye hajafika huko. Nilimuuliza binti kama alijua nani anaendesha ile boti. Akaendelea kumenya vitunguu, akasema vitunguu vya wiki hii vikali sana. Basi alijua.

Barua yako niliifungua karakanani, mbele ya muuza mchele aliyeniletea mizani yake. Alisema rangi imenitoka, akanipa kiti changu mwenyewe nikalie.

Naanza na dogo. Mshipi wa kilo thelathini na saba. Nimevua wangu nikauweka kwenye mizani: gramu mia mbili na kumi, pamoja na kifungo chake. Nikamwomba muuza mchele na wake, na kiuno chake ni cha mtu asiyewahi kukosa mchele: gramu mia tatu na tano. Alisimama ameshikilia suruali kwa mikono miwili wakati nasoma. Mshipi wa kilo thelathini na saba hata tembo angeukataa. Nikawaza labda ni ule wa kumfungia mgeni kwenye kiti asirushwe majini. Kama ndio, ule wa kilo kumi wa wadogo ni wa nani? Mnapeleka watoto baharini?

Sasa kubwa. Umeandika: mshipi usijizungushie mkononi. Sentensi hiyo umeitoa wapi?

Nauliza nikiwa na akili zangu timamu. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Chumbani tulikuwa wawili. Mlango ulifungwa. Mmoja wetu tulimzika kesho yake, na huyo mwingine ni mimi, na sijamwambia mtu, hata wifi yako. Nimejaribu kufikiri kama muuguzi wa zamu alikuwa nyuma ya pazia. Kile chumba hakikuwa na pazia. Nani amekwambia?

Kifurushi umesema nisiandike, siandiki. Nilikituma kama nilivyoagizwa, ni hilo tu.

Ndoo navuta. Boriti inalia kuliko mimi.

Kaka yako


Kambini
20 Mei

Kwako kaka,

Shikamoo. Wifi mpe pole, na mwambie umri huo hata mimi sijaufikia. Binti mwambie vitunguu nimevielewa. Barua yako ilikaa siku kumi ndani ya gari, gari ndani ya matope.

Niliisoma kwenye boti tukibadilisha oili. Fundi mashine aliomba nimsomee kwa sauti, na tulipofika kwa muuza mchele na suruali yake alicheka mpaka spana ikamponyoka ikazama. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikaacha.

Kaka, mshipi ni uzi wa kuvulia. Ule unaofungwa ndoana mwishoni. Huku ukisema mshipi kila mtu anaelewa huo, na kile cha kushika suruali tunakiita mkanda. Kilo thelathini na saba si uzito wake, ni uzito unaoubeba kabla haujakatika. Kosa ni langu. Nimekaa huku mpaka nikasahau kwamba nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja, nayo ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

Na ile sentensi sijaambiwa na mtu. Ndiyo ya kwanza anayoambiwa kila anayepanda boti. Samaki akikimbia na mshipi umeuzungusha mkononi, unakata mpaka mfupa. Nimeona kwa macho. Aliyekulia kwenye uvuvi huisema bila kufikiri, kama mama anavyosema funga mlango. Kwa hiyo sasa nauliza mimi. Nani alikwambia wewe, mtu wa mizani, uliyeiona bahari kwa dirisha? Na alikwambia kwenye chumba gani?

Nilisema sitaandika kuhusu kifurushi. Naandika.

Wakati ule nilikuwa kiwanda cha barafu. Habari za msiba wa baba zilinifikia siku ya nane, mmeshazika na mmeshatawanyika. Miezi mitatu baadaye kikaja kifurushi chenye mwandiko wako. Nikadhani ni picha yake. Nikakifungua wakati wa chakula, meza nzima inatazama. Ulikuwa ni mkanda wake, umekunjwa ndani ya gazeti, na kikaratasi: "Baba alisema upewe huu."

Mkanda ule niliujua kuliko nilivyoujua mkono wake. Siku niliyosema nakwenda pwani kutafuta kazi kwenye boti, alinipiga nao mpaka kifungo kikanipasua nyusi. Kovu lipo, wageni huniuliza, nawaambia ni ndoana. Basi nikakaa na ule mkanda mezani nikasema, mzee amekufa na hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Wenzangu waliniuliza kama ni wa mume. Ndiyo sababu hukunisikia tena. Nyingine hakuna.

Nahodha


Karakana
28 Juni

Kwako Sindano,

Marahaba. Hakuna mgonjwa wala msiba. Nalisema hilo kwanza kwa sababu barua imechelewa na ningekuwa wewe ningeogopa. Wifi yako hajambo, binti amehamishiwa wodi ya watoto. Ni mimi tu. Nilishika kalamu mara nyingi nikaiweka.

Naandika kama ilivyokuwa, bila kuongeza.

Ilikuwa saa tisa alasiri, chumba cha mwisho cha wodi. Baba alikuwa anapumua kwa vipande. Alisema, "Mshipi wangu mpe Sindano. Mwambie asijizungushie mkononi." Nikamuuliza mshipi upi. Akasema, "Ule wa kwenye sanduku." Akalala, na hakuzungumza tena.

Nikasema homa imempanda. Mshipi wake haukuwahi kukaa kwenye sanduku hata siku moja, unajua ulikokuwa. Nikautoa nyuma ya mlango, nikakutumia. Kwenye kikaratasi niliandika "huu". Kama ningeliandika neno lenyewe, wewe uliyekuwa pwani tayari pengine ungeshtuka. Niliandika "huu" kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa ndani na sikuona haja ya kulirudia jina.

Ile sentensi ya pili sikukuandikia kabisa. Unakumbuka alivyokuwa anafanya. Alikuwa anauzungusha kwanza mkononi, mara mbili, kifungo kikibaki nje, ndipo anaanza. Nikaelewa kwamba anakuonya wewe ukija kuwa na watoto usiwafanyie hivyo. Nikaona anajuta, na nikaona aibu badala yake, nikaamua hilo libaki chumbani. Miaka kumi na moja nimeibeba kama siri ya baba. Kumbe alikuwa anakufundisha kazi.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwenye sanduku lake la bati, lile la mawe ya mizani. Sikwenda kutafuta. Nilijua kilichomo, maana nimelitumia kila siku tangu afariki. Chini kabisa, chini ya jiwe la kilo tano, kuna kibao kilichochongwa pengo kila upande, na kwenye mapengo kimezungushiwa uzi wa nailoni. Nilikiona mwaka uleule. Nikadhani ni uzi wake wa kazi.

Sindano, niliutumia.

Uzi ule hauliwi na panya, haunyonyi unyevu, haulegei. Nilifurahi nao. Nimefungia sahani za mizani, nyuzi tatu kila sahani, sahani mbili kila mizani. Muuza mchele, muuza misumari, mama wa karanga, duka la mbegu. Soko hili lote linapima kwa mshipi wako. Kwenye kibao imebaki mizunguko kumi na miwili.

Nilikaa sakafuni. Muuza mchele akanikuta hapo, akaniuliza nimeangusha nini. Nikamwambia nataka kuona mizani yake. Akasema niliitengeneza juzi tu na haina tatizo. Nikamwambia tatizo ninalo mimi.

Ndoo nimeacha kuvuta. Nitamwambia binti aandike kufuta ile nafasi, ukisema hivyo.

Kaka yako


Kambini
15 Julai

Kwako kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Bahari imechafuka wiki nzima, boti ziko nchi kavu.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaenda kuosha boti ambayo ilikuwa safi. Fundi mashine alikuja, akachukua brashi ya pili, akaanza upande mwingine. Namjua miaka sita, hajawahi kuosha boti bila kuagizwa.

Nina maswali mawili tu.

Kidole cha baba, kile cha shahada kisicho na ncha. Tuliambiwa aliangukiwa na jiwe la kilo ishirini. Nimeshaona vidole vilivyopondwa, huwa vipana na kucha inaota upande. Chake kilikuwa kimekatika sawasawa, kama jibini kwa waya. Huku ninaona vidole vya namna ile kila mwaka, kwa wazee waliovua kwa mkono. Nimekuwa nacho kichwani maisha yangu yote na sikuwahi kukiweka karibu na hivi vingine. Muulize shangazi. Bado anasikia?

La pili, kwenye kibao pana ndoana?

Usimwambie binti aandike chochote. Tarehe ni ileile.

Nahodha


Karakana
9 Agosti

Kwako Sindano,

Marahaba. Wifi yako ameanza kufunga mzigo wangu, na amefunga sweta tatu. Nimemwambia ni baharini siendi mlimani, akasema maji ni maji.

Shangazi anasikia akitaka. Nilimkuta kibarazani anachambua mchele. Sikuanza na maswali. Nilimwekea kile kibao mapajani. Hakuuliza ni nini. Alikigeuza, akatia kidole kwenye pengo moja, akasema, "Kumbe bado anacho." Halafu akakumbuka kwamba kaka yake ni marehemu, akaendelea kuchambua mchele.

Nakuandikia alivyoniambia. Baba alizaliwa karibu na maji na alivua kwa mkono mpaka alipofika miaka ishirini na miwili. Jodari mmoja alikwenda na ncha ya kidole, naye akapanda treni ya kwanza iliyokuwa inaelekea mbali na bahari. Kidole umekisoma sawa. Jiwe la kilo ishirini lilikuwa ni hadithi ya kutuambia sisi. Nikamuuliza shangazi kwa nini yeye naye alinyamaza. Akasema aliapishwa. Baba alimwambia watoto wakijua, watakwenda.

"Sasa wewe hukujua, hukwenda," akaniambia. "Yule hakujua, akaenda. Kaka yangu alijichosha bure."

Siku uliyotoka nyumbani, baba alikwenda kwake mchana uleule, mkanda bado mkononi. Alikaa hapo kibarazani, maji hakunywa. Shangazi anasema alimwona akiwa na hasira mara nyingi, lakini siku ile haikuwa hasira, ilikuwa hofu. Alisema neno moja tu: "Amekwenda kulekule."

Nilipoaga, shangazi alishika ule uzi uliobaki, akauvuta, akauliza huu ameutoa wapi. Nikasema si ndio wake wa zamani. Akaniambia mshipi wake wa zamani ulikuwa wa pamba, mweusi kwa utomvu, wakati ule nailoni hawakuijua, na wa pamba aliutupa mbele yake siku ya treni. Kibao tu ndicho alichobaki nacho.

Nilisimama pale na kofia mkononi. Kwa hiyo uzi ule aliununua baadaye, akauzungusha upya kwenye kibao cha zamani, akauwekea ndoana, akauficha chini ya jiwe la kilo tano. Hakuutuma. Lini aliununua sijui, ila mimi nilifanya naye kazi chumba kimoja miaka yote hiyo, na ninajivunia kwamba kitu hakihami mezani kwangu bila mimi kujua.

Ndoana ipo, moja, imechomekwa kwenye kizibo kilichokuwa chini ya kibao, nami miaka yote nilidhani ni kizibo tu. Ina kutu.

Nimepita sokoni wiki tatu, nimewafungia wote minyororo. Mizani kumi na saba. Muuza mchele alikataa katakata, akasema tangu nimfungie uzi ule biashara yake imenyooka. Nikamwambia una mwenyewe. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia yuko baharini, akafungua mwenyewe, uzi baada ya uzi, akanikabidhi kama anayerudisha mtoto wa watu.

Vipande ni mia moja na viwili. Kila kimoja ni sentimita arobaini. Sikuviunga, mafundo yenu siyajui. Mizunguko kumi na miwili iliyobaki sijaigusa. Vyote nimevitia ndani ya kifurushi hiki pamoja na kibao na ndoana, na safari hii nimeandika juu yake kilichomo, ili kama hutaki kukifungua mbele ya watu usikifungue.

Nimerudi kwenye ndoo. Nafika sitini.

Kaka yako


Kambini
30 Agosti

Kwako kaka,

Shikamoo. Wote wazima. Mwambie wifi sweta moja inatosha, na hiyo moja utamshukuru. Mwambie binti akija siku moja nina maneno naye, mengine mazuri.

Kifurushi kilifika Jumatatu. Nilikifungua mbele ya watu.

Sikufanya kitu siku hiyo. Kesho yake asubuhi tulichukua vipande vitatu na fundi mashine, tukaning'iniza mizani yetu kwenye boriti ya ghala, tukafunga kipande, chini yake pipa, tukawa tunamimina maji huku yeye anasoma. Cha kwanza kilikatika kwenye kilo thelathini na tatu. Cha pili thelathini na nne. Cha tatu thelathini na tatu na nusu. Huo ni uzi uliokaa sokoni miaka kumi na moja, kwenye jua na vumbi la mchele. Ulipokuwa mpya ulikuwa wa thelathini na saba. Ndio huo huo ninaotumia mimi kwa wakubwa.

Nilimimina yale maji nje na nikarudi kukaa juu ya dramu lile lile. Dukani kuna unene wa kila namna, kaka. Mtu asiyejua anachukua wowote, na mwenye hofu anachukua mwembamba wa kuvulia vidagaa karibu na ufuko. Yeye alichagua wa samaki wakubwa, wa maji marefu. Alijua nitafika wapi kabla sijafika. Fundi mashine aliniuliza kama moshi wa injini umeniingia machoni. Injini ilikuwa imezimwa.

Ile mizunguko kumi na miwili ina mita tatu na nusu, haina jeraha. Nimeifunga mwishoni mwa mshipi utakaovulia wewe, upande wa ndoana. Ile yenye kutu nimeiacha kwenye kizibo, nimeweka mpya.

Mkanda sikuutupa. Umefunga mlango wa chumba cha injini tangu bawaba ilipokatika, na kila msimu naupaka mafuta. Nilikuwa najiambia naupaka kwa ajili ya mlango. Nimeununulia mlango bawaba. Mkanda umetundikwa karibu na usukani. Ukiutaka, ni wako. Usipoutaka, nitauacha palepale.

Njoo na jiwe la kilo tano, lile la kwenye sanduku. Mizani yetu ikaguliwe, maana hizo thelathini na nne sitaki kuziamini kwa maneno ya mizani iliyokaa miaka sita bila mtu kuigusa.

Gari la mahitaji litakuchukua stesheni tarehe 13, saa mbili asubuhi. Dereva nimemwambia amtafute mtu mwenye mkono wa kushoto mnene kuliko wa kulia.

Uliuliza swali la sita, nani hukaa karibu na mgeni asiyejua kuogelea. Kwa kawaida ni fundi mashine. Siku hizo nne usukani atashika yeye. Karibu yako nitakaa mimi.

Mdogo wako,
Sindano